Popo Ambaye Hakuna Mtu Aliyemwona

Turkanycteris harrisi ni popo wa matunda aliyetoweka duniani. Mabaki yake machache yaliokotwa Kanapoi, upande wa kusini-magharibi wa Ziwa Turkana nchini Kenya, katika matabaka ya udongo yenye umri wa takriban miaka milioni 4.2. Waliompa jina ni Gregg Gunnell, mtaalamu Mmarekani wa wanyama wa kale, na Fredrick Kyalo Manthi wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Walipochunguza popo wote wa mahali hapo walikuta aina nne za popo wa matunda na aina tano za popo wala wadudu. Huyu alitofautiana na popo wote wanaojulikana kiasi cha kupewa jenasi mpya. Hana simulizi wala picha, na kabla ya wataalamu hao wawili hakuna lugha ya binadamu iliyokuwa na neno la kumwita.

Kiumbe wa namna hii anazua swali ambalo dini na falsafa zimelizunguka kwa karne nyingi. Aliishi, akala matunda, akanyonyesha watoto wake, kisha kizazi chake kikaisha mamilioni ya miaka kabla ya mtu wa kwanza kutamka neno. Je, kuwapo kwake kulikuwa na maana ikiwa hakukuwa na mtu wa kukuona? Ana nafasi gani katika uumbaji, na meno machache yanampa mtu haki ya kusema nini juu yake? Maswali haya mara nyingi huachiwa mabingwa wa makumbusho. Hata hivyo yanawahusu pia watu wa Kasongo na Kabambare katika Maniema, mashariki mwa Kongo, kwa sababu huko popo wa matunda yuko mtini na yuko sokoni, na habari za Muumba ni mazungumzo ya kila siku.

Katika Maniema ya kusini popo anayejulikana zaidi ni yule mkubwa wa rangi ya majani makavu, Eidolon helvum. Hufika kwa makundi miti inapozaa, akaparamia miembe, mipera, mipapai na mivule. Watu humnasa kwa nyavu au kumpiga kwa manati, na nyama yake huliwa ikiwa imepikwa au ikiwa imekaushwa kwa moshi. Si kila nyumba inayomla. Kasongo, mji uliokuwa makao ya mfanyabiashara Tippu Tip katika karne ya 19, una jamii ya Kiislamu iliyo miongoni mwa kongwe kabisa nchini Kongo, na madhehebu ya Shafii, yaliyofika huko kwa njia za misafara kutoka pwani, humhesabu popo kuwa haramu. Wakristo wengi humla bila wasiwasi, ingawa kitabu cha Walawi kinamtaja kati ya viumbe wasioliwa. Majirani wanaotofautiana juu ya chungu kimoja wanakubaliana juu ya jambo moja kubwa zaidi: kwamba popo ana Aliyemuumba, na kwamba Aliyemuumba anamjua.

Taya la popo huyu likibaki kwenye sahani laweza kuonyesha jinsi ushahidi wa maisha yake ulivyo mwembamba. Taya la chini halifiki sentimita tano. Kila upande una meno tisa: mawili madogo ya mbele, chonge moja lililopinda, halafu magego mafupi, yaliyolala, yenye mfereji katikati. Hayana ncha kali za popo wala wadudu, kwa kuwa popo wa matunda hakati chakula chake vipande vipande. Hulibana tunda kwa ulimi dhidi ya paa la kinywa, akameza maji yake, akatema makapi; ndiyo yale madonge makavu yanayokutwa asubuhi chini ya mwembe. Kwa sababu hiyo meno yake yamerahisishwa, na popo wawili wa aina tofauti wanaweza kuwa na magego yanayokaribia kufanana. Taya hilo likitupwa uani, mchwa, ukungu na mvua hulimaliza. Udongo mwekundu wa nchi ya msitu una asidi, na asidi hula chokaa ya mfupa.

Hapo ndipo ilipo sababu ya ukimya wa Maniema katika habari za viumbe wa kale. Visukuku, yaani mabaki ya viumbe yaliyogeuka mawe, vimepatikana mashariki mwa Kongo zaidi katika Bonde la Ufa: Senga kando ya mto Semliki, Ishango kwenye Ziwa Edward, Sinda na Mohari kuelekea Ziwa Albert. Msitu hautunzi. Upande wa Kenya, mahali maarufu kama Kisiwa cha Rusinga, Koru na Songhor palipata bahati ya volkano. Milima ya Kisingiri na Tinderet ilimwaga majivu yenye chokaa nyingi, na chokaa hiyo ikaizuia mifupa kuyeyuka. Ramani ya visukuku inaonyesha basi mahali mifupa ilipohifadhiwa, na kuisoma kana kwamba ni ramani ya mahali viumbe walipoishi ni kosa. Misitu ya kando ya mito ya Lualaba na Luama yaweza kuwa ilikuwa na popo wa matunda wa aina nyingi kuliko Kanapoi, wote wakaenda bila kuacha jino. Kutokuwa na ushahidi hapa hakuthibitishi chochote, na mwanafalsafa anayetaka kusema kitu cha kweli juu ya viumbe waliotoweka lazima aanze kwa kulikubali hilo.

Ugumu wa pili ni kwamba hata ushahidi uliopo waweza kusomwa vibaya, na hakuna mfano ulio wazi kuliko Propotto leakeyi. Mwaka 1967 George Gaylord Simpson, mmoja wa mabingwa wakubwa wa visukuku katika karne ya 20, alieleza vipande vya mataya kutoka Kenya, vya zama za miaka milioni 20 hadi 18 iliyopita. Aliona humo mnyama wa usiku wa jamii ya komba, aliye karibu na poto wa misitu ya Afrika, na jina alilompa linabeba maana hiyo. Miaka miwili baadaye Alan Walker alipinga. Aliyalinganisha magego hayo na ya popo wa matunda na kusema kwamba mnyama huyu alikuwa na mabawa. Hoja yake ilikubaliwa. Kwa karibu miaka 50 Propotto alikaa katika orodha kama popo wa matunda wa kale zaidi barani Afrika, na kila aliyetaka kueleza historia ya popo hao katika bara hili alianzia kwake.

Mnamo 2018 ikachapishwa kazi ya Gunnell na wenzake. Gunnell mwenyewe alikuwa amefariki mwaka 2017. Alikuwa amegundua kwamba taya la Propotto linafanana na la Plesiopithecus, mnyama wa Fayum nchini Misri aliyeishi miaka ipatayo milioni 34 iliyopita, hasa katika jino kubwa la mbele lililoelekea mbele kama patasi. Wenzake walilinganisha meno na mifupa ya mamalia zaidi ya mia moja, walio hai na waliotoweka, wakaongeza ushahidi wa vinasaba vya walio hai. Jibu lilikuwa kwamba Propotto hakuwa popo. Alikuwa jamaa wa mbali wa ayeaye, lemuri wa Madagaska anayetoboa magogo kwa meno na kuwachokoa mabuu kwa kidole chake chembamba. Simpson alikuwa amekaribia ukweli kuliko aliyemsahihisha. Mtu yuleyule aliyeiondolea Afrika popo wa matunda wa uongo ndiye aliyempa jina yule wa kweli wa Kanapoi.

Kisa hiki kinastahili kutazamwa kwa makini, kwa kuwa ndani yake swali la falsafa linashikika mkononi. Mataya hayakubadilika. Tangu 1967 hadi 2018 yalikuwa na meno yaleyale na mizizi ileile. Kilichogeuka ni hukumu ya watu. Mnyama mwenyewe, alipokuwa hai katika misitu ya Rusinga, hakuwa akingoja hukumu hiyo ili awe alivyo. Wapo wanafalsafa wanaodai kwamba kuwapo ni kutambuliwa na akili fulani, na dai hilo lina uzito wake. Lakini likitafsiriwa kuwa kutambuliwa na binadamu, Propotto analivunja: kwa nusu karne binadamu walimtambua popo ambaye hakuwahi kuwapo, na hawakumtambua lemuri aliyekuwapo. Ikiwa kuwapo kunahitaji mjuzi, basi mjuzi huyo hawezi kuwa sisi.

Kabambare yenyewe ina kisa cha karibu na hicho. David Livingstone, aliyeandika jina la mahali hapo kama Bambarre, alikwama huko kwa miezi mingi katika miaka ya 1870 na 1871, miguu ikiwa na vidonda, akisoma Biblia yake tena na tena. Katika shajara zake aliandika juu ya soko, nyani mkubwa wa misitu ya Maniema. Mara anaonekana kumhesabu kuwa gorila, mara anamweka peke yake, na baada ya kifo chake wasomaji wa Ulaya walibishana kama ni gorila, sokwe au kitu kipya. Wawindaji wa Kabambare hawakuwa na shaka yoyote. Walimjua soko kwa sauti yake, kwa viota vyake na kwa tabia yake. Mgeni alikuwa na majina mengi na maarifa machache, wenyeji walikuwa na jina moja na maarifa mengi. Kwa kiumbe aliyetoweka hakuna wenyeji wa kuulizwa, ila jino.

Dini za kitabu zina simulizi inayogusa jambo hili moja kwa moja, nayo ni ya Adamu na majina. Katika Mwanzo wanyama wanaletwa mbele yake ili awape majina. Katika Kurani, Mungu ndiye anayemfundisha Adamu majina ambayo malaika hawayajui. Je, viumbe waliotoweka kabla ya Adamu walikuwa katika orodha hiyo? Wafasiri wa Kiislamu hawakukubaliana juu ya upana wa majina yale. Tabari alielekea kusema kwamba ni majina ya malaika na ya kizazi cha Adamu, na hoja yake ilitoka kwenye sarufi ya aya yenyewe. Ibn Kathir alisema ni majina ya vitu vyote. Kwa kauli ya Tabari popo wa Kanapoi hana taabu, kwa kuwa simulizi haimhusu. Kwa kauli ya Ibn Kathir mambo yanakuwa makubwa zaidi: Adamu alifundishwa hata yale ambayo macho yake hayangeyaona, na kazi ya mtafiti wa makumbusho inakuwa ni kuokota vipande vya elimu iliyokwisha kutolewa ikasahauliwa. Simulizi ya Mwanzo inabana zaidi, kwa sababu huko wanyama wanafika mbele ya Adamu wakiwa hai. Mkristo anayeisoma kama taarifa ya tukio atalazimika kuwaacha nje wale waliokwisha kupotea. Akiisoma kama fundisho juu ya wajibu wa binadamu kwa walio mbele yake, hapotezi chochote cha maana, na usomaji huu wa pili ndio wenye nguvu.

Kuna dhana iliyozuia kwa muda mrefu hata kuliuliza swali hili. Wanafikra wengi, wa dini na wasio wa dini, waliamini kwamba Muumba mkamilifu hawezi kuacha pengo katika kazi yake: kila aina iliyoumbwa itadumu. Thomas Jefferson, rais wa tatu wa Marekani, alikataa kukubali kwamba wale tembo wakubwa wa kale ambao mifupa yao ilikuwa imechimbwa huko wameisha. Aliamini bado wanatembea mahali fulani pasipofikiwa. Georges Cuvier aliivunja dhana hiyo mjini Paris mwaka 1796, alipoonyesha kwa mataya na meno kwamba tembo wa kale hawakuwa aina yoyote iliyo hai. Ulimwengu wa Kiislamu ulikuwa na mjadala wake wa karibu na huo. Ghazali alipoandika kwamba hakuna kinachowezekana kilicho bora kuliko kilichopo, wanazuoni waliokuja baadaye waligawanyika kwa karne nyingi: wengine waliona anausifu uumbaji, wengine waliona anauwekea mipaka uwezo wa Mungu. Kauli hiyo ikichukuliwa pamoja na popo aliyetoweka, inadai kwamba ubora wa ulimwengu uwe katika mwendo wake mzima, pamoja na wanaoingia na wanaotoka. Haihitaji orodha isiyobadilika. Zaburi ya 104 inaielekeza fikra upande huohuo, kwa kuwa inaweka kuondolewa kwa pumzi ya viumbe na kufanywa upya kwa uso wa nchi katika kazi moja ya Mungu.

Sasa kuna jambo gumu zaidi kuliko yote, nalo ni kifo chenyewe. Mahubiri mengi husema kwamba mauti yaliingia duniani kwa dhambi ya mtu. Popo wa Kanapoi alikufa, na aina yake ikaisha, wakati ambapo hakukuwa na mtu wa kutenda dhambi kwa maana yoyote ambayo dini inaitambua. Waliopita chini ya miti yake walikuwa Australopithecus anamensis, viumbe waliotembea kwa miguu miwili, ambao visukuku vyao vya Kanapoi vilitangazwa kuwa vya aina mpya mwaka 1995. Huenda macho yao yalimwona popo yule jioni akitoka mtini. Kuwapa dhambi ya Adamu ni kulinyoosha neno hadi likatike. Thomas wa Akwino, aliyeandika katika karne ya 13 bila habari yoyote ya visukuku, alikuwa tayari amekataa kosa hili: alifundisha kwamba maumbile ya wanyama hayakubadilishwa na dhambi ya mtu, na kwamba simba na mwewe walikuwa wakila nyama tangu mwanzo. Kwa mafundisho yake, kutoweka kwa popo wa Kanapoi hakukuwa adhabu. Kulitokana na maumbile ya vitu vyenye mwili, na anayehubiri Kasongo au Kabambare anaweza kulisema hilo bila kutoka nje ya mapokeo ya kanisa lake.

Lakini kusema kwamba si adhabu hakujibu kama ni haki. Mamilioni ya popo waliumia, wakaliwa na nyoka na bundi, wakafa kwa njaa katika miaka ya ukame. Nani atawalipa? Wanatheolojia wa Kiislamu wa Baghdad na Basra walilichukulia swali hili kwa uzito kuliko wengi wa leo. Mutazila walisema kwamba Mungu, kwa kuwa ni mwadilifu, hana budi kumfidia mnyama kwa maumivu aliyopata bila kosa. Ashari na wafuasi wake wakajibu kwamba hakuna kinachomlazimu Mungu. Akifidia ni fadhila, asipofidia si dhuluma. Pande zote mbili zilisoma katika Kurani kwamba wanyama wa nchi kavu na ndege ni umma kama watu walivyo umma, na kwamba watakusanywa kwa Mola wao. Hiyo ni kauli pana ajabu. Haikuwekewa sharti kwamba umma huo uwe umeonwa na watu, wala uwe hai hadi siku ya mwisho. Katika Ukristo, John Wesley, ambaye wafuasi wake wa Kimethodisti wana makanisa mengi Maniema, alihubiri mwaka 1781 kwamba wanyama nao watakombolewa na kurudishiwa zaidi ya walichopoteza. Hakujua kwamba kuna aina nzima zilizokwisha kupita. Mahubiri yake hayaharibiki kwa kulijua hilo. Yanapata tu washiriki wengi kuliko aliowafikiria.

Falsafa ya Kiafrika inaliingia swali kwa mlango mwingine. Placide Tempels, padri Mfransisko aliyeishi Katanga kati ya Waluba na kuchapisha kitabu chake juu ya falsafa ya Kibantu mwaka 1945, alieleza ulimwengu wa nguvu zilizopangwa kwa ngazi: Mungu, wahenga, watu walio hai, kisha wanyama, mimea na mawe. Kwa maelezo yake, viumbe wa ngazi za chini wapo ili kuongeza nguvu ya binadamu. Popo aliyeishi mamilioni ya miaka kabla ya binadamu hakuongeza nguvu ya mtu yeyote. Ikiwa Tempels aliwaeleza Waluba sawasawa, basi mpango huo hauna mahali pa kumweka kiumbe huyu, na kama unataka kubaki falsafa ya uumbaji wote lazima upanuliwe. Wapo waliomlaumu Tempels kwa kuupanga ulimwengu wa Waafrika kama makabati ya seminari, na hapa lawama yao inaonekana kuwa na haki. Mwindaji wa Maniema anayeuomba msitu ruhusa kabla ya kutega hazungumzi na ghala la vitu vyake.

John Mbiti, mwanatheolojia wa Kenya na padri wa Kianglikana, alitoa njia yenye manufaa zaidi katika kitabu chake cha mwaka 1969 juu ya dini na falsafa za Kiafrika. Aliugawa wakati katika Sasa na Zamani. Marehemu anayekumbukwa kwa jina na wale waliomjua bado yumo katika Sasa; anapokufa wa mwisho wa kumkumbuka, anazama katika Zamani, ambayo ni bahari ya wakati wote na wala si utupu. Popo wa Kanapoi hakuwahi kuwa katika Sasa ya mtu yeyote. Alikwenda moja kwa moja hadi Zamani, akatolewa humo na Manthi na Gunnell kwa kipande kidogo cha kinywa chake. Mfumo wa Mbiti unaeleza vizuri kilichotokea: kupewa jina hakukumfanya awe amekuwapo, kulimwingiza tu katika kumbukumbu za jumuiya inayozungumza. Wale wa misitu ya Lualaba ambao hawakuacha hata jino wamebaki huko kwenye Zamani, wakiwa wamekuwapo kikamilifu kama yeye.

Mtu wa dini anaweza kuongeza jambo moja juu ya hapo, na ana haki ya kuliongeza waziwazi. Anaamini kwamba kuna Mjuzi ambaye kwake hakuna jani linaloanguka bila kujulikana wala shomoro anayesahauliwa. Imani hiyo ikichukuliwa kwa dhati, popo asiye na kisukuku anajulikana sawa na mwenye kisukuku. Lakini imani hiyo haimpi mtu habari. Haisemi alikuwa na rangi gani, alikula tunda gani, aliisha kwa nini. Anayejibu maswali ya mifupa kwa kutaja ujuzi wa Mungu anajipa ujuzi ambao aya haikumpa. Na anayekataa ujuzi wa Mungu kwa sababu hakuna mfupa anadai mfupa ubebe mzigo usio wake. Propotto aliwekwa sawa kwa kupimwa upya kwa jino. Hakuna mashauri ya misikiti wala ya maparokia ambayo yangeweza kufanya kazi hiyo, wala hayakuombwa kuifanya.

Hali hubadilika mtu anapoingia kama chanzo. Popo mdogo wa Morisi na Réunion, Pteropus subniger, alikuwapo mabaharia walipofika katika visiwa hivyo, akaisha katika karne ya 19 baada ya misitu kukatwa na popo kuwindwa. Popo wa Pemba, Pteropus voeltzkowi, anayepatikana katika kisiwa hicho peke yake, alikaribia kumfuata mwishoni mwa miaka ya 1980. Uwindaji ulipopunguzwa na vijiji kama Kidike kuanza kulinda miti anayolalia, idadi ilirudi hadi maelfu. Waraka wa Laudato si', uliotolewa na Papa Fransisko mwaka 2015, unasema wazi kwamba binadamu wanapowamaliza viumbe wanaunyima uumbaji sifa ambazo viumbe hao walimtolea Mungu kwa kuwapo kwao tu. Hoja hiyo haisimami juu ya faida. Ni kweli kwamba Eidolon husambaza mbegu za mivule kwa umbali ambao hakuna ndege wa msituni anayeufikia mara nyingi, na faida hiyo ni kubwa kwa Maniema. Lakini thamani ikifungwa kwenye faida peke yake, popo wa Kanapoi anakuwa si kitu, na popo wa leo anakuwa si kitu siku ile mbao za mivule zitakapoacha kununuliwa.

Kila mwaka, kati ya Oktoba na Desemba, mamilioni ya Eidolon hukusanyika katika kichaka kimoja cha msitu huko Kasanka, kaskazini mwa Zambia, kisha hutawanyika. Waliovishwa vifaa vya kufuatiliwa kwa setilaiti walionekana wakirudi ndani ya Kongo, mmoja wao akisafiri zaidi ya kilomita 1,900. Shirika la IUCN limewaweka katika daraja la walio karibu na hatari, sababu kuu zikiwa kuwindwa na kukatwa kwa miti. Yale yanayosemwa na Akwino au Mutazila juu ya popo wa Kanapoi hayahamishiki kwa hawa kama yalivyo. Kisa cha Kanapoi hakina mshtakiwa. Kisa cha Eidolon kina wahusika wanaojulikana kwa kazi zao, kuanzia mtega nyavu na mpasua mbao hadi mteja wa mbao hizo aliye mbali, na fiqhi na teolojia ya maadili zina milango mizima juu ya haki ya mnyama kwa yule aliye na uwezo juu yake.